Dhamana ya Serikali Inamkinga Nani?

Hotuba iliyotolewa mbele ya wenye karakana na viwanda vidogo waliokutana Kariobangi, Nairobi, na kuandikwa upya kwa ajili ya wasomaji

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wa karakana, akina mama wa mikate na cherehani, na ninyi vijana mliosimama mlangoni kwa sababu viti vimekwisha, nawasalimu nyote na kuwashukuru kwa kunialika. Wengi wenu mnanifahamu kama mama anayepita na kikokotoo akiwasaidia kupanga hesabu, lakini kabla ya kazi hii nilikaa miaka kumi na minne kwenye dawati la mikopo katika benki ambayo sitaitaja. Mengi nitakayoyasema leo niliyajifunza nikiwa upande ule wa meza, na mengine niliyajua nikiwa nimechelewa.

Mmeniomba nizungumzie mikopo inayodhaminiwa na serikali kwa biashara ndogo zinazotaka kukua na wakati huohuo kutunza mazingira. Katika maneno yote hayo, lililowaumiza watu wengi zaidi mbele ya macho yangu ni neno moja tu, nalo ni dhamana. Kwa hiyo nitaanza nalo, na nikikawia hapo mnivumilie.

Alinijia fundi mmoja wa samani kutoka kando ya Ngong Road, mtu mwenye mikono ya dhahabu, ambaye vitanda vyake vilikuwa vikinunuliwa kabla havijakauka vanishi. Alikuwa amesikia kwenye redio kwamba serikali sasa inadhamini mikopo ya watu wadogo, akaja asubuhi mapema, akajaza fomu, na baada ya majuma kadhaa akapata fedha za kununua mashine ya kuranda mbao. Alilipa vizuri miezi ya kwanza. Kisha ukaja msimu wa uchaguzi wa 2022, watu wakaacha kununua vitanda, na yeye akaacha kulipa. Nilipompigia simu alinijibu kwa utulivu kabisa: «Mama, si serikali ilinidhamini? Waulizeni wao.» Hakuwa akifanya hila. Aliamini hivyo kwa moyo wake wote, na aliendelea kuamini mpaka siku dalali alipofika na lori.

Nimeisimulia habari hiyo si kwa kumcheka. Siku alipotia saini nilimweleza mkataba kwa dakika kumi, na mkataba wenyewe ulikuwa wa kurasa nyingi za Kiingereza cha mawakili, ambacho hata mimi nilikuwa nikikisoma kwa kurukaruka. Kosa lile lilikuwa langu kabla halijawa lake.

Sasa tuielewe dhamana yenyewe. Katika mkopo wa namna hii kuna watu watatu: wewe unayekopa, benki inayokopesha, na serikali inayosimama nyuma ya benki. Fedha unazopewa ni za benki, si za hazina ya taifa. Serikali inaiahidi benki kwamba, ukishindwa kulipa na benki ikafuata taratibu zote za kukudai, itafidiwa sehemu fulani ya hasara yake. Ahadi hiyo ni kati ya serikali na benki. Wewe huna jina humo ila kama sababu ya mazungumzo. Deni lako linabaki deni lako lote, toka shilingi ya kwanza mpaka ya mwisho, na benki ikishafidiwa bado ina wajibu wa kuendelea kukutafuta. Kwa hiyo mtu akikuuliza dhamana ya serikali inamkinga nani, jibu ni kwamba inamkinga anayekopesha. Faida yako wewe ni moja, nayo si ndogo: mlango ambao ungefungwa kwa sababu huna hati ya shamba unaweza kufunguliwa kidogo.

Unafunguliwa kiasi gani? Hapo ndipo penye utata. Mpango wa Kenya wa kudhamini mikopo ya biashara ndogo na za kati ulizinduliwa mwishoni mwa 2020, wakati maradhi ya korona yalikuwa yamewabana wafanyabiashara, na Wizara ya Fedha ikautengea mtaji wa kuanzia wa shilingi bilioni 3. Benki saba ziliingia. Mkopo wa juu kabisa uliwekwa shilingi milioni 5, muda wa kulipa miezi 36, na sehemu ambayo serikali ingebeba ni asilimia 25. Chukua mkopo wa shilingi milioni moja: serikali inasimama nyuma ya shilingi 250,000, na benki inabaki na hatari ya 750,000. Jiwekeni mahali pa afisa wa mikopo kama nilivyokuwa mimi. Mbele yako ameketi mtu asiye na shamba wala gari, na bosi wako atakuuliza kuhusu zile laki saba na nusu, hatakuuliza kuhusu zile mbili na nusu zilizokingwa. Utafanya nini? Utaomba kitabu cha gari. Utaomba wadhamini wawili wenye mishahara. Na yule ambaye mpango ulitungwa kwa ajili yake atarudi kwa shailoki wa mtaani, mkopeshaji wa riba kubwa, na wale waliopata mkopo wa kudhaminiwa watakuwa, kwa sehemu kubwa, watu ambao wangeupata hata bila dhamana.

Wenzetu wamepima tofauti. Marekani, ambako shirika la serikali la biashara ndogo limekuwepo tangu 1953, mpango wao mkuu unabeba asilimia 85 ya mkopo usiozidi dola 150,000, na asilimia 75 ya mkopo ulio mkubwa kuliko huo. Uingereza ilianza mpango wake wa sasa Julai 2024, nao unabeba asilimia 70. Zaidi ya hapo, Uingereza benki haikubaliwi kuchukua nyumba anayoishi mkopaji kuwa rehani katika mpango huo. Hilo la nyumba nimelitaja kwa makusudi, maana najua familia mbili za Eastlands zilizolala nje kwa sababu ya mashine.

Msidhani, hata hivyo, kwamba nawaombea dhamana ya asilimia mia. Uingereza hiyohiyo iliijaribu mwaka 2020, ilipotoa mikopo ya dharura ya hadi pauni 50,000 kwa kila biashara, serikali ikabeba hatari yote, na mkopaji akajaza fomu fupi ya kujieleza mwenyewe. Zilitoka takriban pauni bilioni 47. Biashara nyingi halali ziliokoka, lakini wajanja nao waliitikia mwito, wakasajili kampuni za hewa, na serikali ikaachwa ikiwasaka kwa miaka. Benki isiyo na chochote cha kupoteza haina sababu ya kukutazama usoni, wala kuja kuona kama karakana unayoisema ipo. Mimi ningependa mkopeshaji awe na maumivu yake kidogo. Ubishi uwe juu ya kipimo, na kwa maoni yangu robo ni kipimo kidogo mno kwa mtu wa Kariobangi.

Kuna mzee hapa mbele aliyeniuliza kabla ya kikao kwa nini serikali isiamuru tu riba ishuke. Mzee wangu, tulishafanya hivyo. Septemba 2016 ilianza kutumika sheria iliyozuia riba ya mikopo ya benki isizidi asilimia nne juu ya kiwango cha Benki Kuu. Tulishangilia. Lakini benki ilipoona haiwezi kumtoza mtu mwenye hatari riba inayolingana na hatari yake, haikumkopesha kwa bei nafuu, iliacha kumkopesha. Fedha zikaenda kununua hati za serikali, yaani kuikopesha serikali yenyewe, na watu wadogo wakakimbilia mikopo ya simu iliyokuwa ghali mara nyingi zaidi. Sheria ile iliondolewa Novemba 2019. Nilikuwa kwenye dawati miaka yote hiyo mitatu, na sijapata kuona makaratasi ya mikopo machache kama yale. Dhamana ilikuja mwaka uliofuata kama njia ya upande wa pili: badala ya kubana bei, punguza hatari. Wazo lenyewe ni zuri.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha mkutano huu, nalo si riba wala asilimia ya dhamana. Ni muda.

Kuna fedha za kuzungusha na kuna fedha za kujenga. Mama wa mboga akikopa asubuhi, akaenda soko la Wakulima, akauza mpaka jioni na kulipa usiku, fedha hizo zimezunguka na kurudi zikiwa na mtoto. Mfuko wa Hustler wa serikali, uliozinduliwa tarehe 30 Novemba 2022, uliundwa kwa mzunguko huo: mkopo wa mtu mmoja unaanzia shilingi 500 na kupanda hadi 50,000, riba ni asilimia 8 kwa mwaka, na muda wa kulipa ni siku 14. Kwa mtu wa kuzungusha bidhaa, hakuna ubaya. Lakini siku 14 hazinunui mashine, na mtu akikopa fedha za siku 14 kwenda kununua mashine, mashine hiyo itauzwa kabla haijapoa. Fedha za kujenga zinazaa polepole. Na vifaa vinavyotunza mazingira, ndivyo vilivyo polepole kuliko vyote, kwa sababu tabia yao ni kula fedha nyingi siku ya kwanza, kisha kukulipa kidogo kidogo kila mwezi kwa miaka, kupitia bili iliyopungua.

Tupige hesabu, kwa mfano niliouunda mwenyewe ili usimhusu mtu yeyote hapa. Mama ana kiwanda cha mikate. Tanuri lake linatumia dizeli, nalo humla shilingi 70,000 kwa mwezi. Ameona tanuri la umeme la shilingi 900,000, ambalo kwa kazi ileile litamgharimu shilingi 38,000 kwa mwezi. Akibadilisha, anaokoa shilingi 32,000 kila mwezi, moshi unaondoka kwenye mapafu ya wafanyakazi wake, na majirani wanaacha kulalamika. Anakwenda benki. Natumia riba ya asilimia 14 inayopungua kadiri deni linavyopungua, kwa ajili ya mfano tu. Akipewa miezi 36, kila mwezi atalipa karibu shilingi 30,760. Toeni hiyo kwenye 32,000 alizookoa. Anabaki na shilingi 1,240. Mwezi mmoja transfoma ya mtaa ikiungua, au bei ya unga ikipanda, au mteja mmoja mkubwa akichelewa kulipa, mama huyu tayari yuko nyuma, na jina lake linaanza safari ya kwenda CRB, ofisi inayotunza rekodi za wakopaji, ingawa uamuzi wake wa biashara ulikuwa sahihi kabisa.

Mpeni sasa miezi 60 kwa riba ileile. Atalipa karibu shilingi 20,940 kwa mwezi, na mkononi atabaki na zaidi ya shilingi 11,000. Ndiyo, mwisho wa yote atakuwa amelipa riba kubwa zaidi, karibu shilingi 356,000 badala ya 207,000, na msimruhusu mtu yeyote awafiche tofauti hiyo. Lakini laki moja na nusu hiyo ndiyo bei ya kupumua, na mimi ningeilipa. Tanuri litadumu miaka kumi au zaidi likitunzwa. Kwa nini deni lake lilazimishwe kufa katika mwaka wa tatu?

Hapa ndipo mpango wetu unapoteleza. Muda wa miezi 36 ulifaa wakati wa korona, mtu alipohitaji kufufua duka. Haumfai mwenye kununua paneli za sola. Uingereza mkopo wa muda katika mpango wao unaweza kufika miaka sita, na Marekani mkopo wa mashine unaweza kufika miaka kumi. Waliopanga huko waliangalia umri wa kifaa kwanza, ndipo wakaandika umri wa deni.

Kabla sijaliacha jambo la riba, niongeze onyo ambalo limewaokoa wachache walionisikiliza. Ukiambiwa riba ni asilimia 14, uliza: inapungua na deni, au imekaa palepale? Mkopo wa shilingi milioni moja kwa miezi 36, riba ikipungua na deni, riba yote itakuwa karibu shilingi 230,000. Riba hiyohiyo ya asilimia 14 ikihesabiwa kila mwaka juu ya milioni nzima, hata mwaka wa tatu ambapo deni lililobaki ni dogo, utalipa shilingi 420,000. Tarakimu kwenye bango ni moja, na tofauti ni shilingi 190,000. Kisha uliza ada ya kushughulikia mkopo, bima, na ada ya wakili. Msione haya kuuliza. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga, na mimi nimehudhuria matanga ya kutosha ya watu ambao hawakuuliza siku ya harusi.

Wengine wenu mkisikia habari ya mazingira mnadhani ni mambo ya wageni wanaokuja na magari makubwa na kupiga picha. Nawaelewa. Lakini tazameni karakana zenu wenyewe. Wachomeleaji wengi hapa bado wanatumia zile transfoma za kienyeji zinazofungwa waya kwa mkono, nzito kama jiwe la kusagia, ambazo hula umeme mwingi na kuutoa kama joto. Mashine ya kisasa ya inverta hufanya kazi ileile kwa umeme mchache, na fundi anaweza kuibeba begani akamfuata mteja mpaka Ruai. Hayo ni mazingira, na ni faida. Anayetoka kwenye dizeli au makaa na kuingia kwenye umeme wa gridi anafanya jambo la maana zaidi hapa kuliko katika nchi nyingi, kwa kuwa sehemu kubwa sana ya umeme wa Kenya inatoka kwenye mvuke wa ardhini wa Olkaria, mabwawa ya mto Tana, upepo wa Marsabit na jua. Na yapo mambo yasiyohitaji mkopo wowote: bati mbili tatu zinazopitisha mwanga zikiwekwa paani, taa za mchana zinazimwa. Mtu asikope kwa jambo ambalo mabati mawili yanalimaliza.

Kwa upande wa benki nako mambo yamesogea. Oktoba 2021 Benki Kuu ilitoa mwongozo unaozitaka benki zipime hatari za mabadiliko ya tabianchi katika mikopo yao, na mwaka 2025 ukatolewa utaratibu wa kitaifa wa kuainisha ni shughuli zipi zinastahili kuitwa za kijani. Kwenu ninyi maana yake ni hii: ukiweza kuonyesha kwa karatasi kwamba mashine unayoinunua inapunguza dizeli au umeme kwa kiasi fulani, karatasi hiyo ina thamani kwa afisa wa mikopo, kwa sababu naye anatakiwa kuripoti. Kwa hiyo tunzeni bili. Bili za umeme za mwaka mzima na risiti za mafuta ni ushahidi. Nimeona mtu mwenye kiwanda kizuri akishindwa kuthibitisha alichokuwa akitumia, kwa sababu risiti zote zilikuwa zimefungiwa maandazi.

Na hapo nimefika kwenye daftari, ambalo najua hamlipendi. Utafiti wa Shirika la Taifa la Takwimu wa mwaka 2016 ulikuta nchini biashara ndogo, za chini na za kati zipatazo milioni 7.4, na kati ya hizo zenye leseni zilikuwa karibu milioni 1.56 tu. Nyingine zote hazikuwa na leseni, na machoni pa benki ni kama hazipo. Dhamana ya serikali haimfikii mtu asiyeonekana. Mali bila daftari hupotea bila habari, na siku hizi hata mkopo hupotea hivyohivyo. Andika mauzo kila jioni. Tenganisha namba ya biashara na simu yako ya nyumbani, ili karo ya watoto na mauzo ya mageti visichanganyike kwenye taarifa moja ya M-Pesa ambayo afisa hataweza kuisoma. Lipia kibali cha kaunti, na hakikisha PIN yako ya KRA, mamlaka ya mapato, haina marejesho ya kodi yaliyosahaulika. Omba taarifa yako ya mikopo kutoka CRB. Una haki ya kuipata bure mara moja kwa mwaka, na ni afadhali uone wewe kwanza lile deni la zamani la shilingi elfu mbili lililochafua jina lako, kuliko kuambiwa na mtu wa benki.

Asiye na hati ya shamba asikate tamaa kabla ya kuuliza jambo moja. Tangu 2017 tunayo sheria inayoruhusu mali inayohamishika kuwekwa rehani: mashine, bidhaa zilizo ghalani, hata ankara ambazo wateja hawajazilipa. Rehani hizo huandikishwa kwenye daftari la kielektroniki la serikali. Ina makali yake pande mbili, maana unaponunua mashine kuukuu kwa bei ya kutupa, huenda tayari imewekwa rehani na aliyekuuzia. Tafuteni kwanza kwenye daftari hilo, ndipo mlipe.

Nina neno moja kwa upande wa serikali, na mwenyekiti ameniruhusu kulisema. Sheria inatenga asilimia 30 ya zabuni za umma kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Wengi wenu mmeshona sare, mmetengeneza madawati, mmechomelea milango ya ofisi za umma. Mmelipwa lini? Fundi anayekopa kununua mbao za madawati ya umma, akayapeleka kwa wakati, kisha akakaa mwaka mzima akingoja malipo, atashindwa kulipa mkopo wake. Ikiwa mkopo huo umedhaminiwa, serikali itailipa benki fidia kwa hasara iliyosababishwa na serikali yenyewe kutomlipa fundi. Hazina inatoa fedha kwa mkono wa kulia kuziba shimo lililochimbwa na mkono wa kushoto, na katikati yuko mtu ambaye jina lake limeharibika bure. Kama ningeambiwa nichague kati ya kuongeza mfuko wa dhamana na kulipa ankara za wafanyabiashara wadogo katika siku 60, nisingefikiri mara mbili.

Mkienda kutoa maoni katika mikutano ya bajeti, maana Katiba ya 2010 inawapa nafasi hiyo, msiende na lalamiko la jumla kwamba mikopo ni ghali. Ombeni mambo yenye vipimo. Ombeni muda wa dhamana ufuate umri wa kifaa, na kwa vifaa vinavyookoa nishati usipungue miaka mitano. Ombeni sehemu inayobebwa na serikali ipande kwa mikopo iliyo chini ya shilingi milioni moja, ibaki palepale kwa mikubwa. Ombeni nyumba ya kuishi isiguswe. Na ombeni mkataba uandikwe kwa Kiswahili, lugha ya taifa na lugha rasmi, ili fundi aelewe kabla ya kutia saini kwamba anayekingwa na dhamana si yeye. Hili la mwisho halihitaji hata shilingi moja ya bajeti, na lingeniondolea mimi usingizi mbaya wa siku nyingi.

Yule fundi wa Ngong Road, kwa wanaotaka kujua, bado anatengeneza vitanda. Anaranda kwa mkono. Nilimtembelea mwaka jana kumwomba radhi, akaniagizia chai, akaniuliza kama sasa kuna mkopo wa miaka mitano. Nikamwambia nitamletea jibu.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Baada ya chai nitakaa kwenye meza ile karibu na dirisha. Mwenye mashine anayoifikiria aje na bei aliyoandikiwa na muuzaji, bili tatu za mwisho za umeme au mafuta, na taarifa ya M-Pesa ya miezi mitatu, tupige hesabu pamoja: inaokoa kiasi gani kwa mwezi, itachukua miezi mingapi kujilipa, na kama miezi hiyo inaingia ndani ya muda ambao benki itakubali. Pale ambapo haiingii nitawaambia, na chai yenu itakuwa bado ya moto.